Mkono Aliouficha Mama

Miaka ile ya tisini, ndugu zangu waliposema mama atolewe Suna apelekwe Kosele, akafie katika boma la marehemu baba, nilipaswa kukataa. Mimi ndiye kifungua mimba, na neno langu ndilo lililongojwa. Nilikubali.

Juzi, hapa Migori, nilimwona muuguzi akimzuia mwanawe kwa kiwiko, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu. Mama, naye muuguzi, alirudi kutoka wodini akinuka spiriti. Nilimkimbilia, naye akainua mikono juu.

"Usiniguse, wuoda, mwanangu! Ngoja nioge kwanza."

Jirani yetu alicheka. "Pole, kijana. Mapenzi yote yameishia kwa wagonjwa!"

Nilimwamini. Nililia huku nikisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba, nikidhani mama hanitaki. Sikujua kwamba wodi ilikuwa imejaa watoto wenye surua. Alipotoka alinibeba mpaka nikasinzia.

Kule Kosele, mama alinisihi. "Nirudishe Suna. Nimezalisha nusu ya mji ule. Hapa nani ananijua?"

"Mama, watu watasema nini? Mke wa mtu hafii nyumba ya kupanga."

"Watu? Na mimi je?"

Nilinyoosha mkono nimshike. Akauficha wake chini ya shuka.

"Usiniguse."

Safari hii hakuniambia ningoje. Alifariki wiki hiyo hiyo, na watu wakayasifu mazishi. Niliogopa maneno yao, nikampoteza mama yangu kabla hajafa.