Mfalme wa Uchina na Msiba Niliofichwa

Mara ya mwisho kuisikia sauti ya baba yangu, alikuwa akimsimulia binti yangu habari za mfalme wa kwanza wa Uchina. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwetu Sterling, huku ughaibuni, jioni kwao nje kidogo ya Kitale. Binti yangu alikuwa amepewa kazi ya shule kuhusu Uchina ya kale, na nilipomwambia kwamba babu yake anamjua huyo mfalme kuliko anavyowajua majirani zake, hakuniamini. Basi nikapiga simu ya video, nikaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, nikarudi kujilaza kwenye kochi.

Nilikuwa na mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Mtoto wa kabla ya huyo alizaliwa mapema mno, akafa kabla hatujamzoea, na sasa presha yangu ilikuwa imeanza kupanda tena vilevile. Daktari aliniondoa kazini, kule Arlington nilikokuwa nikiwahudumia wazee, akaniambia nilalie ubavu wa kushoto. Kisha akamgeukia mume wangu. "Asishtuliwe na jambo lolote," alisema. Mume wangu alilishika neno hilo kama amri.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Habari za mfalme alizipata kwa Mchina mmoja, mpima barabara, wakati kampuni yao ilipokuja kutengeneza barabara inayopita mbele ya shule. Jioni walikaa kwenye benchi nje ya duka wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kiingereza cha yule Mchina kilikuwa cha kuokoteza, lakini baba alikuwa na subira ya mwalimu, na kipande kwa kipande akaipata hadithi nzima. Barabara ilipokwisha, Mchina akaenda zake, mfalme akabaki kwetu kama jamaa. Mwenye duka akitupunja sukari, baba alisema ana bahati hakuzaliwa enzi zile, maana mfalme aliifanya mizani na vipimo vya nchi nzima kuwa vya namna moja, na hakuwa mtu wa mzaha. Alisawazisha sarafu, akasawazisha maandishi, hata upana wa magurudumu ya mikokoteni, ili mkokoteni wa mkoa wowote uweze kupita njia ya mkoa mwingine. Hilo la magurudumu ndilo baba alilipenda kuliko yote. Angeweza kulizungumzia mpaka chai ikapoa.

Binti yangu huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Babu yake alizungumza taratibu, yeye akaandika. Katikati akamuuliza kama huyo mfalme alikuwa mtu mzuri au mbaya.

Baba akacheka. "Swali zuri hilo. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alitaka mambo ya miaka mia yaishe mwaka mmoja. Aliyempinga aliuawa. Vitabu asivyovipenda vilichomwa moto. Watu walikufa wakijenga ukuta wake, wengi, na hakuna aliyeandika majina yao. Sasa niambie, mtu aliyewashinda wafalme wote waliomzunguka, aliogopa nini?"

Binti yangu akasema hakuogopa kitu.

"Aliogopa kufa," baba akasema. "Alituma majahazi yenye vijana wa kiume na wa kike wakatafute kisiwa chenye dawa ya kuishi milele. Hawakurudi. Waganga wakampa vidonge vya zebaki, akavimeza, huenda ndivyo vilivyommaliza. Na kwa kuwa alijua moyoni kwamba atakufa tu, akatengenezewa askari wa udongo wa kumlinda kaburini, maelfu, kila mmoja na sura yake. Wakasahaulika huko chini mpaka wakulima walipochimba kisima na kukuta kichwa cha mtu wa udongo kinawatazama."

Akakohoa kikohozi kirefu. Nikainua kichwa kutoka kwenye kochi.

"Ni nini hicho, baba?"

"Vumbi la mahindi tu, mama. Tumepukuchua tangu juzi." Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Wewe unakula?"

"Nakula."

"Usiinue vitu vizito. Nitunzie huyo mtu wangu."

Huyo mtu wake ndiye aliyekuwa tumboni.

Wiki hiyohiyo baba alifariki. Mimi sikujua.

Jumamosi iliyofuata nilipopiga, simu aliipokea mdogo wangu wa kiume, yule anayenifuata. "Baba amelala," akasema.

"Saa hizi?"

"Amepewa dawa ya kifua, inamlaza sana."

Nilisikia sufuria zikigongana, sauti za watu wengi, na wimbo wa kanisani. Nikauliza kuna nini. Akasema ni watu wa kanisa wamekuja kumwombea mgonjwa, na mtandao ni mbaya, atanipigia baadaye. Nilipopiga tena, baba alikuwa amekauka sauti, asingeweza kuongea. Mara nyingine alikuwa amepelekwa hospitali kupimwa. Mama alipopewa simu aliniambia, "Mwanangu, kula," kisha simu ikakatika. Nikalaumu mtandao.

Binti yangu alitoa kazi yake darasani. Alikuwa ametengeneza askari kwa udongo wa kuchezea, na mwalimu akawaweka dirishani. Alitaka babu ajue. Mdogo wangu akasema, "Nitamwambia."

Nilimwomba mume wangu anunue fulana nzito ya sufu, kuna mtu wa kwetu alikuwa anasafiri, ampelekee baba kwa ajili ya kile kifua. Alipotoka kazini, kwenye yale majumba ya kompyuta za mtandao yasiyo na madirisha yaliyojaa huku kwetu, alipitia dukani. Akaileta, akaikunjua mbele yangu, akaishika mabegani kama mtu anayempimia mtu mwingine.

"Itamtosha?" aliuliza.

"Itamtosha," nikasema. "Amekonda siku hizi."

Na kila siku, nikiwa nimelalia ule ubavu wa kushoto, nilimwomba Mungu amponye baba yangu. Nilimtajia kifua chake, nikamtajia mapafu, kama mtu anayemwelekeza fundi.

Kisha presha ikatulia, daktari akaniruhusu kutoka kidogo. Nikasema Jumapili nitaenda kanisani. Mume wangu akasema ni mbali, kuna baridi, nitachoka. Nilimwona ana wasiwasi nikafikiri ni mapenzi. Ibada yetu ya Kiswahili iko Columbia Heights, kwenye ukumbi wa chini wa kukodi, Wakenya, Wakongomani na Warundi pamoja. Alinishusha mlangoni akaenda na binti yetu kutafuta mahali pa kuegesha gari.

Mle ndani kuna mama mmoja Mkongomani anayepika chai. Aliponiona aliacha birika, akanikumbatia kwa upande ili asinibane tumbo.

"Pole sana, mama," akasema. "Ile siku ya kuzika papa yako tuliangalia kwa telefone, sisi wote, tulilia. Watu walikuwa mingi! Alikuwa mtu ya heshima."

"Papa ya nani?" nikamuuliza.

Alinitazama usoni, akatazama tumbo langu, kisha akatazama mlango, na mikono yake ikaniachia polepole. Hapo nikajua. Sikuhitaji jibu.

Kumbe mume wangu alikuwa ameomba kanisa limwombee baba na familia, na kuwasihi watu wasinigusie. Yule mama hakuwapo siku hiyo. Aliletewa picha za mazishi kwenye simu kama wengine, akadhani ninajua. Simlaumu mpaka leo. Ni yeye peke yake aliyenipa pole kwa wakati.

Mume wangu akaingia amemshika binti yetu mkono. Aliniona nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Hakuuliza nina nini. Aliuliza, "Nani amekuambia?"

Sikulia. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikakataa kulia, kwa sababu niliogopa kwamba nikianza, mtoto atatoka. Nyimbo za ibada zilikuwa zinaanza tulipopanda ngazi kurudi garini. Tulivuka daraja la mto Potomac. Binti yetu akauliza kwa nini tunarudi, na baba yake akamjibu kwamba mama amechoka.

Njia nzima nilikuwa nafikiria sehemu ya ile hadithi ambayo baba hakumsimulia mjukuu wake siku ile. Sisi alitusimulia mara nyingi. Mfalme alifia safarini, mbali na ikulu. Mawaziri wake wachache waliogopa nchi itavurugika, wakaficha. Maiti ikabaki ndani ya gari lake la farasi, mapazia yamefungwa, na msafara ukaendelea. Chakula kilipelekwa kwenye gari kwa wakati wake. Maofisa walisimama nje ya pazia wakatoa taarifa, na kutoka ndani wakaambiwa mfalme amesikia. Joto lilipozidi na harufu ikaanza, wakaleta mkokoteni wa samaki waliochacha utembee karibu, ili watu wadhani ni samaki. Mwana wake wa kwanza alikuwa mpakani, kaskazini, alikokuwa ametumwa baada ya kubishana na baba yake. Wakamwandikia amri ya uongo kwa jina la baba yake kwamba ajiue. Jenerali aliyekuwa naye akamwambia, tuma mtu akahakikishe kwanza. Kijana akasema, baba akishaagiza, mwana anauliza nini? Akajiua. Mdogo wake akapewa kiti cha enzi, na ufalme uliojengwa kwa damu yote ile haukuchukua muda ukaporomoka.

Baba akifika hapo alivua miwani. "Huyu mtoto ndiye ninayemhurumia," alisema. "Wote waliokuwa karibu walijua. Yeye tu, kwa kuwa alikuwa mbali."

Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza.

Nilimpigia mdogo wangu kabla sijavua koti.

"Mlinificha baba yangu," nikamwambia.

Nilisikia kuku nyuma yake. "Dada, tungefanya nini? Mama alisema amempoteza mmoja, hataki kupoteza watatu."

"Ilikuwa haki yangu kumlilia."

"Ungelia, halafu?" akasema, na sauti yake ikakatika. "Unadhani ilikuwa rahisi? Maiti iko pale sebuleni, na wewe uko kwenye simu unaniuliza kama amekunywa supu. Unadhani mimi nilikuwa mtu siku hizo?"

Alikuwa analia. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, nikashindwa pia kumsamehe, nikakata simu.

Mume wangu nilimuuliza jambo moja tu. "Kwa nini uliinunua ile fulana?"

"Nisingeinunua ungejua," akasema.

"Ukanikunjulia. Ukaniuliza itamtosha."

Aliinamisha kichwa. Fulana ilikuwa bado kabatini. Ilikuwa imembidi anidanganye kwamba msafiri ameichukua. Kwa muda mrefu nilimpikia, nikamfulia, nikaongea naye mambo ya kodi na shule, lakini kitu fulani baina yetu kilikaa mbali, na nadhani kidogo chake kipo huko hata leo. Najua alikuwa anaogopa kutuzika. Najua yeye pia alimpenda mzee na hakupata mtu wa kulia naye ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, tukampa jina la baba. Kila mtu aliyepiga simu kutupongeza alisema, "Unaona?" Kama vile hesabu imekaa sawa. Nami nilimtazama huyo mtoto, mzima, analia kwa nguvu, na sikuweza kuwaambia walikosea. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sikuwa na pa kuipeleka hasira yangu.

Mtoto alipoanza kusimama dede, tulisafiri hadi Kitale. Walichinja kuku, wakaja watu wote wa ukoo kumwona mtoto. Walimrusha juu, wakasema ana paji la uso la mzee, wakacheka. Niliwaacha nikaenda nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshajengwa kwa saruji na vigae vya kijivu, na nyasi kuzunguka zilikuwa zimeshakatwa na kuota tena. Nilipiga magoti, na kile nilichokibana tangu kwenye kile kiti cha plastiki kikatoka chote. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo.

Wakaja mbio. Shangazi akanishika mabega. "Basi, mwanangu, basi. Hayo yalishapita."

Yalikuwa yameshapita kweli, kwao. Walikuwa wamelala nje, wamekesha wakiimba, wamechimba, wamefukia, wamenyoa, wamekula pamoja, wamemaliza. Nilitazama nyuso zao nikaona huruma, lakini sikuona hata mmoja mwenye machozi ya kunisaidia.

Ndipo mama akafika, anatembea kwa fimbo, amechelewa kwa sababu ya magoti.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni alie. Kwake yeye amekufa leo."

Akawafukuza wote, hata mume wangu. Akaketi chini kando yangu, jambo lililomchukua muda na lililomuuma, akanyoosha miguu juu ya nyasi. Hakuniomba msamaha na sikumdai. Aliningoja mpaka nikaweza kupumua, kisha akaanza kunisimulia. Kwamba asubuhi ile aliamka vizuri. Kwamba alikunywa uji nusu kikombe, akasema umekosa ndimu. Kwamba alitaka kwenda kuangalia ng'ombe, akafika mlangoni, akarudi akaketi kitandani, akasema ana baridi. Kwamba yeye mama alienda kutafuta blanketi, na aliporudi nalo akamkuta ameegemea ukuta kama mtu anayefikiri.

"Alisema neno?" nikamuuliza.

"Hakusema. Nilimfunika hivyohivyo."

Watu walikuwa wameanza tena kuongea kwa sauti ndogo upande wa mbele wa nyumba. Nikamwomba anisimulie tena, naye akaanza upya, kuanzia kwenye uji.