Niliulizwa Kama Uwanja Ulijaa, Nikasema Ulijaa

Admin, kabla hujaweka kisa hiki naomba uondoe chochote kitakachonionyesha. Na nyie mtakaosoma, hata mkidhani mmenijua, msitaje jina kwenye maoni. Mpanda siyo kubwa. Nikijulikana sipotezi kazi tu, napoteza na nyumbani.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne. Nimesoma hadi stashahada, nimepanga chumba Ilembo, na ni karani wa timu ya mpira ya hapa mjini, ile pekee tuliyonayo kwenye ligi. Kwetu ni wafugaji, Wasukuma tuliohamia upande wa Ugalla nikiwa mdogo. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Baba mdogo ndiye aliyetulea mimi, mama na wadogo zangu, na ng'ombe wa baba wakaingia zizi moja na wale wa kwake. Aliuza ng'ombe ili nisome na hajawahi kunisimanga hata siku moja.

Msimu huu timu moja kubwa ya Dar ilikuja kucheza na yetu. Nilikuwa dirishani nauza tiketi. Watu walikuja hadi kutoka kule ziwani, wengine wakapanda ukuta, wengine wakarudishwa getini. Baba mdogo naye alikuja na wenzake, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uwanjani. Aliondoka pale na wazo. Wafugaji wachange, wanunue nafasi ya ligi ya timu ya mkoa mwingine iliyoshindwa kujiendesha, waihamishie Mpanda iwe timu ya pili.

Baada ya muda akaniita nyumbani. Nilikuta wazee wamekaa uani wananisubiri. Nikapiga magoti, nikasalimia.

"Huyu ni mtoto wangu," baba mdogo akawaambia. "Yeye yuko humohumo ndani ya mpira. Mama, siku ile uwanja ulijaa au haukujaa?"

"Ulijaa, baba."

"Kuna watu walirudishwa?"

"Walirudishwa."

Mzee mmoja akawageukia wenzake. "Sasa nyie mnaogopa nini? Hao wanaorudishwa ndio wetu." Mwingine akasema, "Wale wa mjini wanatuita watu wa vumbi. Ngoja vumbi liwafunge magoli." Wakacheka sana. Baba mdogo alikuwa ananiangalia kama siku niliyofaulu mtihani.

Kwetu mtoto akiulizwa mbele ya wazee anajibu alichoulizwa. Haongezi. Sikuongeza kwamba wengi wa watu wale walivaa jezi za wageni. Sikusema kwamba wageni walipofunga bao uwanja mzima ulinyanyuka kushangilia, na nahodha wetu akabaki ameshika kiuno akiwatazama watu wa mji wake mwenyewe. Mechi za kawaida nakaa dirishani hadi nasinzia. Mvua zikianza watu wako mashambani. Timu ya Dar ikicheza saa ileile kwenye televisheni, watu wanajaa vibanda umiza vya Kashaulili, na sisi wanatuangalia bodaboda waliosimamisha pikipiki nje ya ukuta. Kipindi cha pili huwa tunafungua geti bure ili wachezaji wasijione wako peke yao. Mji huu unapenda mpira, lakini timu moja tu unashindwa kuibeba.

Wazee walikubaliana siku ileile. Baba mdogo ametoa karibu zizi lote, pamoja na wale wa baba, ambao ndio mahari ya wadogo zangu na ndio uzee wa mama. Wanapelekwa mnadani Jumamosi hii. Nilimpigia simu nimweleze. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, jiandae. Wewe ndiye utakuwa karani wetu, uache kutumikia watu." Nikamwambia asante, baba. Nikakata simu, nikapika, nikala.

Kazini nako wamesikia. Katibu wa timu aliniuliza mbele ya wenzangu, "Eti ng'ombe wenu wamesajiliwa? Watacheza namba ngapi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Walipotoka akashusha sauti. "Dada, wazuie wazee wako. Wakija, tunakufa wao na sisi. Ukifanikiwa sitakusahau." Tangu hapo imekuwa ngumu zaidi. Nikisema ukweli, ni ukweli uleule ambao bosi wangu anataka niseme. Wale wazee watasema nimetumwa na watu wa mjini, na baba mdogo ataonekana amelea mtoto aliyemgeuka. Na huenda kweli natetea kazi yangu.

Nimemwambia mama peke yake. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilidhani siku ile ulimwambia yote." Akaendelea kuchambua.

Sijalia. Naamka, naenda kazini, narudi. Wenzangu wanasema nimekuwa mpole. Kila nikijaribu kupanga nitakavyosema, naona uso wa baba mdogo mbele ya wale wazee, kisha sioni kitu kingine.

Naombeni mnishauri. Nimwambie yeye peke yake kabla ya mnada, au nitafute mtu mzima anayeheshimika azungumze kwa niaba yangu? Au ninyamaze, kwa kuwa nilishajibu? Hata mkinijua, msinitumie ujumbe wa faragha, kwa sababu simu yangu huwa naiacha mezani ofisini na ujumbe unajitokeza kwenye kioo. Andikeni hapahapa chini. Nitasoma nikishafika chumbani, sitajibu wala kubonyeza chochote, lakini jueni nimesoma. Wale mnaojua kuzungumza na wazee wa Kisukuma, sihitaji maelezo marefu. Niandikieni sentensi ya kwanza tu, ile ya kusema nikiwa nimepiga magoti. Mniandikie kabla ya Ijumaa jioni, maana Jumamosi wanaswaga ng'ombe alfajiri.