Maneno Yanayopita Kwanza kwa Shangazi

Saa mbili na nusu asubuhi, Fundi Maneno anaisogeza simu karibu na mdomo na kusoma taratibu, kama mwalimu anayetoa imla. "Shikamoo shangazi. Leo ni 'ushirikishwaji wa hadhira'. Ukisikia hivyo, unaelewa nini?"

Anatuma, kisha anabandika maji ya chai. Kwa kawaida jibu hufika kabla maji hayajachemka.

Leo maji yanachemka, yanapungua, mpaka anazima jiko. Simu iko kimya. Ujumbe haujafika. Anapiga. Namba haipatikani.

Jina la Fundi Maneno alipewa na wafanyakazi wenzake, watu wanne ambao hajawahi kuwaona uso kwa uso. Kampuni yao ndogo huwatangazia wafanyabiashara bidhaa zao mtandaoni, na kila mmoja anafanyia kazi nyumbani kwake. Yeye, akiwa na miaka thelathini na minane, huchagua maneno ya kuzieleza huduma hizo, yale ambayo mwenye duka huyasoma kabla ya kuamua kama kitu hiki kitamfaa au ni porojo tu.

Zamani alikuwa mchora mabango. Aliandika kwa brashi kwenye kuta za saluni, gereji na maduka ya dawa.

"Ukikosea neno ukutani, mtu anasimama nyuma yako anakucheka," anasema. "Siku hizi nikikosea, hakuna hata wa kunicheka."

Mabango ya mashine yalipoingia, brashi zake zilikauka. Mwaka wa tatu huu anafanya kazi katika chumba hiki chenye kitanda, meza, kiti kimoja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Theluthi ya kipato chake ni kodi. Hupita hata siku tatu bila kuongea ana kwa ana na mtu yeyote zaidi ya mwenye duka la kona.

"Namwambia, 'Nipe mkate.' Ananiambia, 'Chukua.' Basi, maongezi ya siku yameisha."

Katika mwaka wake wa kwanza aliandika sentensi fupi aliyojivunia: "Tutakuletea wateja." Muuza viatu mmoja aliisoma, akalipia huduma. Kesho yake aliamka mapema, akafagia duka, akaazima viti sita kwa jirani, akaketi mlangoni kuwasubiri hao wateja. Hadi jioni hakutokea mtu. Akampigia simu Fundi Maneno.

"Kaka, hao watu mmewapakia kwenye gari gani? Mbona hawafiki?"

"Nilicheka," anasema Fundi Maneno. "Halafu nikakosa raha wiki nzima. Kila nikifumba macho naviona vile viti."

Sentensi ikabadilika: "Tutawafanya watu wajue unauza nini na uko wapi. Kununua ni hiari yao." Tangu siku hiyo, hakuna neno linalokwenda kwa wateja kabla halijapita kwa shangazi yake.

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, anauza vyombo vya plastiki sokoni katika mji mwingine. Pale sokoni wanamwita Mama Mabeseni. Akielewa, hujibu neno moja: "Limepita." Asipoelewa, husema, "Sijaelewa, baba. Hebu nipigie unieleze." Aliposomewa "uzalishaji wa wateja tarajiwa", aliuliza kama siku hizi ofisi nazo zina wodi ya wazazi. Likafutwa papo hapo.

Ni mpimaji mgumu. Karibu nusu ya maneno huyarudisha. Wiki iliyopita neno moja lilirudi mara nne.

Saa nne, mkuu wa kampuni anaandika: orodha ya huduma inatakiwa saa sita, imebaki huduma moja tu, ile ya kuzungumza na wateja mtandaoni kwa niaba ya mwenye duka. "Weka lile neno la kitaalamu. Watazoea."

Fundi Maneno anaanza kuandika "sawa". Anafuta. Anapiga tena na tena kwa shangazi. Haipatikani.

Anafikiria kumpigia mtu wa jirani na kibanda cha shangazi sokoni, ndipo anapogundua kwamba hana namba ya yeyote pale. Hajui ni nani anayekaa kushoto kwake wala kulia.

"Mwaka mzima na zaidi tunaongea karibu kila siku," anasema, akiiangalia ile sufuria ya chai. "Sijawahi kumuuliza lile goti lake linalomsumbua linaendeleaje. Ni maneno, maneno, maneno tu."

Saa tano na robo simu inaita. Anaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, anaiweka spika.

"Umeme ulikatika nyumbani tangu jana, simu ikazima," sauti inasema, nyuma yake kelele za soko. "Nimechajisha hapa sokoni kwa muuza ndoo. Haya baba, leta hilo neno lako upesi, kuna mtu anachagua beseni."

Fundi Maneno anaketi kitandani.

"Wewe! Upo?"

"Nipo, shangazi. Neno nimeshalipata." Anasoma alichokiandika pembeni ya karatasi: "'Tunawajibu wateja wako kila siku, hata yule aliyesalimia tu.'"

"Limepita. Sasa kwa nini umepiga mara tisa? Mtandao umeniletea ujumbe hapa."

Anaisogeza sufuria, anairudisha palepale.

"Niliogopa. Na Jumapili nataka nije. Sina neno la kupima, shangazi. Nataka tu tukae. Huku naona siku inaisha na sijasikia sauti ya mtu."

Upande wa pili, mteja anauliza bei ya beseni la bluu. Hajibiwi. Mama Mabeseni anakohoa kidogo.

"Sasa na mimi nikuambie," anasema. "Hayo maneno yako unayonitumia, mengi nayaelewa mara ya kwanza. Kusoma nimesoma, kuuza nauza miaka thelathini, nitashindwa na tangazo? Nikielewa, unasema 'asante shangazi', imeisha. Ndiyo maana nakwambia sijaelewa, baba. Nilikuwa nataka unipigie."