Pipi ya Mnanaa

Leo wodini mgonjwa wangu alifungua pipi ya mnanaa, na harufu yake ikanirudisha kanisani, utotoni.

Nilikuwa na miaka minane. Tulisali Garland, mji wa ughaibuni tulikohamia, kwa mchungaji mzee wa Kiskoti ambaye hakusomea chuo chochote. Kiebrania alijifundisha mwenyewe, na Kiswahili chetu pia, kwa kamusi iliyochakaa. Jumapili moja nilipangiwa kusoma zaburi kwa Kiswahili. Mama alikuwa amejisifu kwa wenzake kwamba nyumbani tunasoma Kiswahili kila siku. Mlangoni alinibana mkono.

"Usiniaibishe."

Majisifu yake yalikuwa uongo mtupu. Mimi nilijua kusoma Kiingereza tu. Nilisimama mbele, jasho likinitiririka mgongoni. Mchungaji akainama kando yangu kama anayenishikia kitabu, pumzi yake ikinukia mnanaa.

"Nifuate," akaninong'oneza.

Akanitajia neno baada ya neno, nami nikayatamka yote kwa sauti. Mama alipiga vigelegele, machozi yakimtoka.

Mchungaji akanitilia pipi kiganjani. "Jumapili ijayo, mwanangu," akasema polepole, "utasoma peke yako."

Niliishika pipi ile hadi ikayeyuka.