Gesi ya Dandora Yapelekwa Fedha

Nilifunga safari kwa sababu ya sifa, acha niseme ukweli mapema. Mtambo wangu wa gesi, ulio nyuma ya nyumba hapa Dandora na ambao naulisha maganda na mboga zilizooza kutoka soko la Muthurwa, ulikuwa umejaza mfuko mzima. Kanisani nilikuwa nimeshatangaza kwamba nyumba yetu haitategemea tena makaa wala mitungi ya mtu. Ili waniamini, nikatoa bure jiko letu la makaa. Sasa Mama Kui, rafiki wa mke wangu anayekaa mtaa wa Fedha, akaomba kuijaribu gesi hiyo. Ningekataaje? Nchi iliyojitosheleza si huuza nje?

Saa mbili asubuhi nikaufunga mfuko juu ya mkokoteni. Ulikuwa umefura kushinda kitanda chetu. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Mwende, mama yangu anafika leo saa saba. Unajua vile yeye hukuita mdomo mtupu. Nitampikia na nini?"

"Mtambo utakuwa umejaa tena kabla ya saa sita."

"Nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nikasukuma.

Kariobangi upepo ulinitesa. Mzigo wenyewe hauna uzito, lakini kila upepo ukivuma ulitaka kurudi nyumbani.

"Niaje mzae, umebeba ndovu?" fundi mmoja wa viatu akaniuliza, akanisogelea.

"Ni gesi," nikajibu kwa maringo. Halafu nikaona sigara mdomoni mwake. Wallahi, sijawahi kukimbia na mkokoteni namna ile!

Saa nne na nusu, Fedha. Mama Kui alinipokea kama balozi. Tukaunganisha mpira wa mfuko na jiko lake, moto wa buluu ukawaka, nikajipigia makofi. Akabandika ndengu, akaanza kusukuma chapati. Majirani walijaa jikoni, nami nikawahutubia mpaka sauti ikakauka.

Saa sita simu ikalia. Alikuwa mke wangu.

"Mtambo wako umelala fofofo. Na mama ameshashuka Muthurwa."

Nikawapenya majirani mpaka kwenye jiko.

"Mama Kui, samahani sana, naomba nirudi na gesi yangu."

"Gesi gani? Imeisha na chapati ya mwisho!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionea huruma, akanifungia sufuria ya ndengu na chapati zote kwa leso.

Saa nane nilikuwa Dandora, nikihema. Mama mkwe alikuwa amekaa na mkoba wake bado mapajani, dalili mbaya kabisa. Nikafungua leso. Alikula, akachukua chapati ya pili, kisha ya tatu, nami hapo ndipo nilipojifunza kwamba jikoni kwangu ndiko nilikopaswa kuanzia.

"Hii imepikwa wapi?"

"Fedha, mama."

Akapangusa vidole polepole.

"Ndengu zimeiva sawasawa, hata moshi hazinuki. Watu wa Fedha wana gesi safi. Mwanangu, badala ya maneno mengi, si uwaombe wakuuzie?"

Mke wangu akatoka nje mbio, leso mdomoni kuzuia kicheko.

"Nitawaomba, mama," nikasema.