Dunia ya Kichwa Chini

"Fundi, umeigeuza!"

"Mzee wangu, nimeinyoosha. Kusini haikai juu."

Walikuwa wanabishania picha ya dunia nzima iliyopigwa kutoka angani, iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, katika duka la fremu za picha la Buhongwa ninakofanya kazi. Mzee alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mama watoto aliitundika kichwa chini mpaka anafariki. Nikimcheka, ananijibu, 'Kwani huko angani chini ni wapi?' Nataka ibaki alivyoiacha."

Fundi akakataa. Watu wangesema hajui kazi.

Nikakumbuka somo la jiografia, kabla sijaacha shule kidato cha pili. Nikawaambia kuwa wanaanga waliokuwa wanaenda mwezini waliipiga hivyo hivyo, kusini ikiwa juu. Waliokuja kuichapa ndio walioigeuza, ili ifanane na ramani tulizozoea. Nadhani hata sisi tungeigeuza.

"Acha wewe!" Fundi akacheka, akahamishia ndoano upande wa pili wa fremu, kusini ikarudi juu.

Mzee akaipokea, akaitazama. Alipofika mlangoni akasimama.

"Sasa nikamwambie nani kwamba alikuwa sahihi?"