Ukurasa Nilioutupa Motoni

Nakumbuka asubuhi niliyoshuka kwenye boti pale Baraka, mji wetu wa ziwani, nikiwa nimekumbatia kisanduku cha mbao, chembamba na kirefu, kama vile mtu anavyomkumbatia mtoto mchanga. Watu wa pwani walitaka kunipokea mizigo. Begi niliwapa, viatu vyangu vipya niliwapa, lakini kisanduku nilikataa kumpa yeyote. Ndani yake, juu ya pamba, kililala kipimajoto cha kioo, na hakikuwa changu. Nilikuwa nimekisainia.

Mjukuu wangu, juzi nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba karatasi ya masharti mliyopewa na chuo kwa somo la fizikia ni ndefu kuliko somo lenyewe. Nilicheka peke yangu kitandani. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi, maana maneno hayo niliyasema kabla mama yako hajazaliwa, miaka ile ya hamsini ilipokuwa inakaribia kwisha, nilipoingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kule kusini, Katanga. Tulikuwa vijana weusi wachache sana darasani, na kwetu Baraka hakuna aliyekuwa amefika huko kabla yangu. Siku ninaondoka, Waislamu waliniombea dua na Wakristo wakaniombea sala, na wote wakaniambia neno moja: usituaibishe.

Profesa wetu wa fizikia alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alitugawia karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari. Mlango unafungwa saa mbili kamili, na aliye nje anabaki nje. Kila mwanafunzi ana kaye yake, daftari la majaribio, kurasa zimepigwa namba tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Unaandika kwa wino. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, hufuti, wala hukwangui, wala huchani. Mnaweza kufanya kazi wawili wawili, lakini kila mmoja aandike kwa maneno yake. Usiyeelewa, njoo ofisini siku ya Alhamisi mchana uulize. Anayeleta kaye yenye ukurasa uliochanwa anapata sufuri kwa kazi hiyo. Anayeandika kipimo ambacho hakukiona kwa macho yake anatoka kwenye somo.

Mimi nilikuwa nasikiliza huku nachora samaki pembeni mwa karatasi. Nilijisemea kwamba haya ni mambo ya wazungu kupenda kufunga milango. Nikaikunja karatasi, nikaisahau.

Likizo ilipokaribia, Profesa akatupa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Kila mmoja aliazimwa kipimajoto. Tuchemshe maji nyumbani kwetu, tupime joto lake yanapochemka. Kisha tukafanye vilevile mahali pengine palipo juu zaidi au chini zaidi. Kazi ndogo, nikaona. Kuchemsha maji! Mama yangu alikuwa anachemsha maji kila siku bila kwenda chuo kikuu.

Siku ya pili baada ya kufika, nilimwomba mama sufuria. Akaiweka kwenye mafiga nyuma ya nyumba, akachochea kuni, akakaa juu ya kigoda chake aone mwanawe anavyofanya kazi ya chuo. Majirani wawili wakasimama penye ua wa matete. Maji yakachemka, yakarukaruka. Nikaingiza kipimajoto, nikangoja. Zebaki ilipanda, ikapanda, ikasimama kwenye tisini na saba na nusu.

Nikangoja tena. Haikusogea.

Nikaandika: tisini na saba na nusu. Ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Halafu nikautazama ule wino ukikauka, na hofu ikaniingia. Kitabu kilisema mia. Kila kitabu nilichokisoma tangu shule ya mapadri kilisema maji huchemka kwa digrii mia. Nikamwona Profesa akisoma kaye yangu mbele ya wenzangu. Nikasikia kicheko: huyu mtoto wa Baraka hajui hata kuchemsha maji! Haikunijia hata mara moja kufikiri kwamba kitabu kile kilikuwa kinasema habari za maji ya mahali pengine.

"Umepata?" mama akauliza.

"Nimepata, mama. Ni mia."

"Mia!" Akapiga makofi, akawageukia majirani. "Basikie! Maji ya kwangu imefika mia!"

Nikauchana ukurasa, nikauingiza chini ya sufuria pamoja na kuni. Kwenye ukurasa wa kumi na tatu nikaandika mia, kwa mwandiko mzuri. Na kwa kuwa nilishaanza, nikaona haina haja ya kupanda mlima. Ningeandika mia kwa huko juu pia, nibaki nikiogelea ziwani hadi likizo iishe.

Lakini mama alikuwa na mipango yake. Shangazi Feza, dada mdogo wa baba yangu, aliolewa juu milimani, Bibokoboko, na alikuwa amejifungua mtoto wa tano. Mama akafunga ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, na chumvi na sabuni katika kitambaa, akaniwekea begani. Akasema, "Si profesa yako alisema uende na kule juu? Basi enda. Umusalimie shangazi yako, na umubebee hii."

Ningemjibu nini? Nilipanda. Niliondoka na watu waliokuwa wakirudi kwao milimani, tukatembea siku nzima, na kesho yake tena hadi karibu na saa sita. Wewe umezoea pikipiki, mwanangu, hujui magoti yanavyoweza kumtukana mtu. Tulipofika kwenye malisho ya ng'ombe, ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani, na mimi mtu wa ziwani nilikuwa natetemeka mbele ya watoto waliokuwa wanacheza kifua wazi.

Shangazi alifurahi mpaka akasahau uzazi wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, anayesema huku mikono inafanya kazi. Akanipa maziwa, akanifunika blanketi, akaweka maharagi motoni. Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nikakaa karibu na chungu. Maji yalichemka haraka, nikafurahi. Basi nikangoja. Akaongeza maji, nikangoja. Akanyonyesha mtoto, akamlaza, akapepeta mtama, na maharagi bado yalikuwa magumu.

"Shangazi," nikasema, "hii maharagi yako iko mawe."

Akacheka sana. "Ni ileile munakula kule Baraka! Mama yako akipika huko chini, inaiva mbio. Mi nikipika hapa, kuni inaisha, nayo bado inaniangalia tu. Nilipoolewa nililia, nilisema bamama ba hapa bananificha dawa ya kupika. Kumbe haiko dawa. Maji ya huku inachemka mbio, lakini haina nguvu."

"Haina nguvu namna gani?"

"Weye ndiye uko na masomo. Mi naona tu. Ya Baraka, kidole ikiingia, unalia. Ya hapa, unalia, lakini kidogo."

Kisha nikafungua kisanduku, nikaingiza kipimajoto ndani ya chungu cha maharagi. Zebaki ikasimama kwenye tisini na tatu. Nikakitoa, nikakifuta, nikarudisha. Tisini na tatu. Nikachemsha maji matupu katika chungu kingine. Tisini na tatu.

Mwanangu, siwezi kukueleza vizuri nilivyojisikia. Ilikuwa furaha na aibu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu shangazi yangu alikuwa amesema kweli, na kioo kilikuwa kimemkubali, na kwa mara ya kwanza fizikia ilitoka kwenye kitabu ikaja kukaa jikoni kwetu. Aibu, kwa sababu nilielewa palepale kwamba ile tisini na saba na nusu ilikuwa sahihi. Niliiona, na nilikuwa nimeichoma moto.

Shangazi aliona uso wangu ukibadilika. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, ukurasa, mia, majirani waliopigiwa makofi. Nilifikiri angecheka. Hakucheka. Aliacha kazi aliyokuwa anafanya, na kwa yule mama hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Weye mutoto ya kaka yangu, nikuulize. Ule muzungu alikutuma uangalie, ao alikutuma umufurahishe?"

"Alinituma niangalie."

"Basi mbona uliangalia, ukaona, na kisha ukadanganya, ukasema bongo? Jicho yako ilikukosea nini?"

Nikaanza kukirudisha kipimajoto kwenye kisanduku.

"Kama alikuwa anataka tu kusikia mia," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "si angebaki na kitabu yake? Juu ya nini angekusafirisha mpaka huku? Alitaka kujua maji ya kwetu. Weye ukamunyima maji ya kwetu, ukamurudishia maji ya kwao."

Halafu akanipa maharagi, yaliyokuwa yameiva hatimaye, akakaa karibu nami nilipokuwa nakula, wala hakulirudia tena neno lile.

Nilishuka Baraka siku ya tatu. Nikapima tena nyuma ya nyumba, tisini na saba na nusu, nikaandika kwa wino, na juu ya ile mia nikapiga mstari mmoja. Kisha nikamwambia mama ukweli. Alikunja uso. "Yaani umenifanya niseme bongo kwa bajirani?" Kwa muda wote uliobaki wa likizo aliniita Bwana Mia. Bwana Mia, njoo ule. Bwana Mia, leta kuni. Nilistahili.

Lakini ukurasa wa kumi na mbili haukuwepo. Kaye ilitoka kumi na moja ikaruka hadi kumi na tatu, na hakuna wino wa kuziba pengo hilo. Njiani kurudi, kwenye boti na kwenye treni, nilifikiria mengi. Ningesema panya amekula. Ningesema imelowa ziwani. Usiku na mchana nilikuwa nafikiria watu walioniombea pale pwani, na neno lao la mwisho.

Alhamisi ya kwanza niligonga mlango wa ofisi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda, ingawa karatasi ilisema tuje. Profesa alinikaribisha kiti. Nikaiweka kaye mezani, nikasema: "Ukurasa wa kumi na mbili niliuchana mimi, nikauchoma. Niliona tisini na saba na nusu, nikaogopa, nikaandika mia ambayo sikuiona."

Aliifungua kaye polepole, ukurasa kwa ukurasa. Nilihesabu vitabu vilivyokuwa nyuma ya kichwa chake. Nilikuwa tayari kufunga begi.

"Nani alikusahihisha?" akauliza.

"Shangazi yangu, kwa maharagi."

Akainua macho. Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye maji yanayochemka haraka lakini hayana nguvu, akaniomba nirudie. Nikarudia, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwamba kule juu hewa inayokandamiza maji ni kidogo, ndiyo maana huchemka kabla hayajapata joto la kutosha, na kwamba yeye mwenyewe angehitaji ubao mzima kuyaeleza yale ambayo shangazi yangu ameyaeleza kwa pumzi moja.

Moyo wangu ukapanda. Nikadhani nimesamehewa.

"Ukurasa umechanwa," akasema, "kwa hiyo kazi hii ni sufuri. Karatasi inasema hivyo, nami niliisoma mbele yako. Ile mia umeipigia mstari mwenyewe, kabla sijaiona. Kwa hiyo unabaki kwenye somo. Kesho, saa mbili kamili."

Ile sufuri iliniuma mwaka mzima. Nilipita mtihani wa mwisho kwa pointi chache sana, chache kiasi kwamba sikuwahi kumwambia baba yako ni ngapi. Lakini tangu Alhamisi ile sikukosa Alhamisi nyingine. Niliuliza maswali ya kijinga na ya maana, na yule mtu mwenye sauti ndogo alinijibu yote. Baadaye nilirudi kwetu, nikafundisha fizikia katika shule ya Fizi hadi nywele zikawa nyeupe, na kila mwaka siku ya kwanza niliwasomea wanafunzi masharti yangu mstari kwa mstari, nao walinichukia kidogo, kama ilivyo haki yao.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimekuzungusha sana. Masharti yale yasome kabla ya kuyalaumu. Mlango unaofungwa saa mbili haukuchukii, unawalinda waliokwisha kuketi. Ukishindwa kuelewa, nenda ukaulize wiki ileile, usingoje mpaka ujinga uzoeane nawe. Soma na wenzako, cheka nao, lakini ukiandika, andika yako. Na zaidi ya yote, kitu ulichokiona usikikane kwa sababu mtu mkubwa au kitabu kikubwa kimesema vingine. Huenda umekosea, basi pima tena, uliza. Huenda hujakosea. Utajuaje kama umeshachoma? Na siku utakapodanganya, maana sisi sote tuna siku hiyo, usingoje kukamatwa. Gonga mlango wewe mwenyewe. Adhabu utaipata, nayo itakuuma, lakini utaibeba ukiwa umesimama.

Nenda salama chuoni, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani na darasani. Akupe walimu wanaopenda kuulizwa, na rafiki mwema wa kukaa naye dawati moja. Akulinde na homa na upweke wa mji mgeni, akurudishe kwetu na afya yako na ucheshi wako, utukute wazima tukikungoja. Amina.